Msemaji wa Fundi Cherehani

Fundi alikuwa akishona vifungo vya sare za shule pale mtoto wa tumboni mwake aliposema, kwa sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi, "Bibi, mama kichwa kinamuuma."

Mama mkwe, aliyekuwa akipiga kola pasi, aliiweka pasi kando. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Na anaona vimulimuli."

Hayo Fundi alikwisha kuyasema mwenyewe, juzi, jana na asubuhi ileile alipolitafuta tundu la sindano asilione. Akajibiwa kwamba mimba si ugonjwa, na uso kujaa vile ndiko kunawiri. Wateja nao wakamsifu: "Mimba imekukubali, Fundi!" Naye miguu imevimba hadi anavaa ndala za mumewe.

"Maadamu kasema mjukuu wangu," mama mkwe alisema akichomoa waya wa pasi, "twende."

Kliniki benchi lilikuwa limejaa. Fundi alimwambia mkunga kwamba kichwa kinampasuka. Mkunga, aliyebeba zamu nzima peke yake na hajakaa tangu alfajiri, alimwonyesha mwisho wa foleni.

"Shikamoo, mkunga," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu. Una shida gani?"

"Mimi sina. Mama ndiye presha imempanda. Mpime sasa, foleni haitakimbia."

"Huyu wakili kabisa," alisema mjamzito mmoja, akampisha Fundi.

Mkunga alipima, akarudia kupima, akamwongoza kitandani. Hapo macho ya Fundi yakageuka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Kilikuwa kifafa cha mimba. Mkunga alimlaza ubavu, akamchoma sindano ya kuzuia degedege.

"Moyo wa mama nausikia," mtoto alimwambia mkunga kutoka ndani. "Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, akalia kama watoto wote. Maneno yalikuwa yamemwishia. Mama mkwe alifungua vifungo vya blauzi, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi apate joto. "Pumzika, mume wangu," akamnong'oneza. "Umefanya kazi ya watu wazima."

Fundi alizinduka kesho yake, akaomba maji, kisha mtoto.

Walikuwa wamesharudi nyumbani kichwa kilipoanza upya. Fundi akasema. Mama mkwe akamtazama mtoto. Mtoto akapiga mwayo.

"Mwenyewe kanyamaza," mama mkwe alisema. "Basi si kitu."

Fundi hakubishana. Alimfunga mwanawe kifuani, akatembea hadi kliniki akishika kuta, akalipita benchi zima na kusukuma mlango.

"Mkunga, kichwa kimerudi."

Mkunga aliacha alichokuwa akifanya, akamwinamia mtoto. "Eti, baba?" akamuuliza kwa heshima, akangoja jibu, na Fundi ameshakunja mkono wa gauni na kunyosha mkono mezani apimwe presha.