Sifuri ya Fundi Bingwa

Mume wa dada yake binti alijiita Fundi Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakutokea mwingine wa kumpa. Redio yoyote ikipita mikononi mwake ilitoka imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, iwe inaongea au bubu. Binti, kitinda mimba wa nyumba ile, alimdharau tangu siku ya posa, na miaka miwili ya chuo cha umeme ilikuwa imemwongezea sababu.

Siku hiyo bingwa alirudisha amplifaya ya mama mkwe wake, ameitengeneza na kuipaka rangi kasha zima mpaka kwenye skrubu. Mezani ilisubiri spika ya marehemu baba, aliyoiunda kwa mikono yake. Koni yake, ule utando wa karatasi unaotikisika, haikuwa ikiuzwa tena popote, na mama hakutaka kusikiliza nyimbo kwa spika nyingine.

"Mama, kwanza tunapima," alisema bingwa, kifua mbele. "Kabla ya kuweka muziki, hapa pa kuchomekea spika panatakiwa pasome sifuri ukilinganisha na ardhi. Pakisoma zaidi, spika inaungua."

Alisema kweli, na binti alikereka kuisikia kweli ikitoka kinywani mle. Ardhi ya chombo kile ilikuwa kasha lake la chuma. Bingwa akawasha amplifaya, akabana waya mweusi wa mita ya umeme kwenye skrubu, yaani juu ya rangi yake mwenyewe, kisha akagusa pa kuchomekea spika kwa ule mwekundu.

"Sifuri. Mmeona?"

"Shemeji, hiyo skrubu ina rangi," binti alisema. "Ungeikwangua kwanza."

"Mimi nimeshika bisibisi wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Asiyejua maana haambiwi maana."

Binti akawaza: Haya, debe tupu, vuma. Mita iliyobanwa kwenye rangi haigusi chuma, na isipogusa chuma itasoma sifuri siku nzima. Alikunja mikono akingoja kuuona uso ule ukimshuka mbele ya mama, na utamu wake aliuonja mapema. Bingwa alipochukua nyaya za spika ya baba, binti alifungua kinywa, akakifunga.

Nyaya zilipochomekwa tu, koni ilisukumwa nje kwa kishindo kimoja, ikagoma kurudi, na moshi mwembamba ukafuka. Binti aliruka akazima swichi, akaing'oa spika, akakwangua skrubu kwa ufunguo, akawasha tena na kupima. Volti thelathini na nne.

"Si nilikwambia?" alimgeukia shemeji yake.

Mama alikuwa akiipapasa ile koni. Hakumtazama mkwe wake hata mara moja.

"Huyu hajui, tumeshamzoea," alisema. "Wewe ulijua."