Sakafu ya Mwenyenyumba

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu: kishungi cha manyoya meupe, kimelowa mate, chini ya kiti cha jikoni. Nilikiokota kwa kibano nikakiweka kwenye kisahani. Manyoya yalikuwa yamekatika katikati, hayakung'oka na mizizi. Maana yake hayakudondoka yenyewe. Yalilambwa mpaka yakakatika.

Nilimgeuza paka chali. Tumbo lilikuwa wazi na jekundu, sentimita saba kwa nne kwa rula. Mapajani kwa ndani na kwenye viwiko kulikuwa na vipele. Mgongo ulikuwa mzima, manyoya yanang'aa. Niliandika yote kwenye daftari jipya.

Paka alikuwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyemwita Mwenyenyumba, kwa sababu, alisema, sisi wengine ni wapangaji tu. Mke wangu alifariki miezi saba iliyopita, baada ya kuugua miezi mitano katika chumba cha mbele. Mimi nilifanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini na moja, minane ya mwisho nikiwa msimamizi.

Binti yetu alipiga simu saa nne. Ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu ndani ya nyumba tangu Ijumaa.

"Baba, bado anajilamba?"

"Sentimita saba kwa nne."

"Sijauliza vipimo, nimeuliza hali."

"Vipimo ndiyo hali."

Nilimsikia akihema. "Baba, huyo paka anakufa kwa upweke. Mama alikuwa akiongea naye kutwa, mpaka taarifa ya habari anamsimulia. Wewe unaongea naye?"

"Sina la kumwambia."

"Basi. Jumapili ya tatu kuanzia leo nakuja na kikapu. Kwangu kuna watoto, kuna kelele, atachangamka. Na hiyo nyumba yako inanuka hospitali."

Hilo la mwisho nililichukua kama sifa.

"Akipona kabla ya hapo?"

"Akipona, abaki. Lakini apone kweli, usije ukanisomea takwimu."

Simu ilipokatika nilihesabu viumbe hai ndani ya nyumba. Viwili. Nikatoa kimoja.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa mikwaruzo. Alimchana paka kwa chanuo la meno membamba, akakung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. "Ukitoa rangi nyekundu, ni kinyesi cha kiroboto," alisema. Haukutoa. Kipimo kilikuwa rahisi na cha haki. Kisha alikwangua ngozi kidogo, akaweka kwenye hadubini, akatazama, akanipisha.

"Karibu, mzee. Naona unaitamani."

Hapakuwa na utitiri. Fangasi pia hakuna.

"Basi ni upweke?" niliuliza. Neno hilo halikuwa langu, lilikuwa la binti yangu.

"Inawezekana. Kuna paka anajilamba kama mtu anavyotafuna kucha. Lakini tumalize kwanza vinavyoonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee wangu. Tafuta nyumbani: chakula, tandiko, sabuni, chochote kilichobadilika mwaka huu."

"Hakuna kilichobadilika."

Alitazama fomu niliyoijaza mapokezi. Kwenye mstari wa idadi ya watu nyumbani nilikuwa nimeandika "wawili", nikakata, nikaandika "mmoja". Aliifunika fomu kwa kiganja na kuendelea na maelekezo. Paka avae kola ya plastiki shingoni ili ulimi usifike tumboni. Ngozi ifutwe kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu, mara mbili kwa siku, ikaushwe bila kusugua. Asipakwe dawa ya watu, hata ile ya watoto wachanga, kwa kuwa atakachopakwa atakila. Na nicheze naye dakika kumi kila siku.

"Nicheze vipi?"

"Kama watu wanavyocheza na paka."

"Naomba utaratibu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Kamba, mzee. Vuta kamba."

Nyumbani nililifungua tena daftari. Kila paka alipojaribu kujilamba, ukingo wa kola uligonga sakafu. Kuhesabu kulikuwa rahisi hata nikiwa chumba kingine, maana nyumba haikuwa na sauti nyingine. Siku ya kwanza, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, aligonga mara arobaini na moja. Nilibadilisha tandiko: thelathini na tisa. Nilibadilisha sabuni ya kufulia tandiko: arobaini na tatu. Nilipiga fundo kwenye kipande cha bendeji, nikakivuta sakafuni kwa dakika kumi. Alinitazama mimi badala ya bendeji. Siku ya tatu ya mchezo alilipiga fundo kofi moja, akaondoka. Arobaini kamili. Chakula sikukigusa. Daktari alisema hicho kinahitaji wiki nane, na mimi nilikuwa na tatu.

Alhamisi ya wiki ya pili mabomba yalikauka mtaa mzima. Nilikuwa na ndoo mbili, nikaziweka za kunywa na kupikia. Siku hiyo, ishirini na tisa. Ijumaa, kumi na nne. Jumamosi, sita. Sikuwa nimebadilisha kitu chochote kingine, na hilo lilinisumbua. Matokeo mazuri yasiyo na sababu hayaaminiki.

Jumapili alfajiri maji yalirudi. Nilipiga deki kama kawaida. Kufikia jioni, ishirini na saba.

Nilizisoma namba nne hizo mara mbili, kisha nikaenda kusimama mbele ya ndoo ya deki.

Tangu mke wangu aanze kuugua nilipiga deki nyumba nzima kila asubuhi, kwa dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, bila kusuuza, iachwe ikauke yenyewe. Ndiyo kanuni ya meza ya maabara iliyomwagikiwa damu. Mke wangu hakuwa na kinga mwilini, nami niliogopa kila kijidudu. Kabla ya hapo deki ilikuwa yake, kwa sabuni ya unga, na nikigusa ndoo alinifukuza: "Weka chini, bwana wewe. Hapa si maabara." Alipofariki, sababu iliondoka. Deki ilibaki. Ilichukua dakika arobaini, na nikimaliza tayari kumekucha vizuri, watu wanapita barabarani.

Na paka hulala kifudifudi juu ya sakafu, ametandaza miguu. Tumbo, mapaja kwa ndani, viwiko. Mgongo haugusi sakafu. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jumatatu nilimpigia daktari.

"Moja kwa tisa?" alisema. "Mzee, hiyo si ungeoshea machinjio!"

"Ni kanuni."

"Ni kanuni ya wapi? Huyo ana ngozi, hana vigae." Kisha akashusha sauti. "Suuza kwa maji matupu mara tatu, halafu pumzika. Sakafu ikipata vumbi haifi."

Nilisuuza mara nne. Dawa iliyobaki niliipeleka kwenye zahanati, wakaipokea.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimevaa, nimekunja mikono ya shati, na sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni mpaka saa moja na dakika kumi. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi nilichukua gazeti la juzi nikamsomea paka. Nilianza na michezo, kwa kuwa haina vifo. Sauti yangu ilikwaruza nikalazimika kunywa maji. Paka hakutoa maoni, lakini hakuondoka. Siku hiyo kola iligonga mara tano. Ijumaa, mara mbili. Kwa ruhusa ya daktari niliivua. Jumamosi nilihesabu kwa macho: alijilamba kama paka yeyote, uso, mguu, mkia, basi.

Jumapili, saa tisa alasiri, binti yetu alifika na kikapu. Alisimama mlangoni akanusa. Kisha akatazama chini.

"Baba, kuna vumbi."

"Lipo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ingia na viatu."

Nilimgeuza paka chali, nikamwonyesha. Wekundu ulikuwa umeisha. Manyoya mapya yalikuwa na milimita tatu, laini kama ukungu wa mkate. Binti alinyoosha mkono kulifikia daftari, akaliacha.

"Sitaki takwimu. Niambie, alikuwa na nini?"

"Dawa ya sakafuni. Ilimchoma. Ni mimi."

"Ile ya wakati wa Mama?"

"Ile ile."

"Ulikuwa bado unaipigia deki? Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa siku tatu ambazo hakukuwa na maji."

Aliketi sakafuni na gauni lake zuri, akaweka kiganja juu ya kigae, akakiacha hapo. Mimi nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi uso wake ulikuwa umelowa na paka alikuwa ameingia ndani ya kikapu peke yake.

"Tazama msaliti," alisema, akajifuta pua. "Wiki tatu unamuuguza, na kikapu ameingia mwenyewe."

"Paka hupenda sanduku lolote. Haina maana yoyote."

"Najua, Baba."

Tulikunywa chai. Aliuliza nakula nini jioni, nikamjibu. Aliuliza asubuhi nafanya nini siku hizi, nikamwambia kuhusu gazeti. Hakucheka. Alisema ana watoto wa kuogesha, akanyanyuka, akatazama kikapu.

"Nimtoe?"

"Amelala."

"Basi kikapu nitakifuata."

"Lini?"

"Aa, Baba! Sasa unataka na tarehe?" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Jumapili."

Niliandika: Jumapili. Saa kumi na moja kasoro dakika tano gari lake lilikata kona. Kikapu kilikuwa jikoni, mlango wazi, paka ndani, amelala kwa ubavu.