Babu Anavuja

Kosa lenyewe lilikuwa la ngeli, na katika nyumba ile, mtu wa mwisho ambaye ungedhani ataponzwa na ngeli ni Mwalimu.

Miaka thelathini na minne alifundisha Kiswahili, na vita yake kubwa haikuwa na watoro wala wapiga kelele. Ilikuwa na watu wanaosema "gari imeharibika". "Gari limeharibika," angesema, taratibu, kama anayemtoa mwenzake mwiba. Alimsahihisha muuza duka, akamsahihisha jirani, akamsahihisha hata daktari, tena yeye mwenyewe amelala chali anatolewa mtoto wa jicho.

Sasa, mkwewe alikuwa na gari. Kuukuu, limeinamia upande mmoja, kila asubuhi linakohoa, na likifika mlimani linasimama kwanza kupumzika. Mtaa mzima ukaliita Babu. Na likishaitwa Babu, ngeli nayo ikahama: Babu kagoma, Babu leo kaamka vibaya, msukumeni Babu. Mwalimu alipofiwa na mkewe, bintiye akamleta kuishi nao, huu mwezi wa nne. Siku hiyo hiyo binti na mumewe wakawekeana nadhiri: jina lile lisitajwe mbele ya mzee. Aibu gani hiyo, bati bovu linaitwa Babu na babu wa mtoto kakaa sebuleni. Basi mbele yake wakasema "ile gari ya uani", akawasahihisha, maisha yakaenda. Kisogoni Babu akabaki Babu.

Alhamisi mchana Mwalimu alikuwa chumbani kwake, chumba cha nyuma chenye dirisha la uani, anakunja mashati. Chini ya dirisha mkwewe, fundi friji, akasimama na simu.

"Ndiyo, Babu tunamtoa Jumamosi," alisema. "Nimechoka, ndugu yangu. Nataka nafasi."

Mwalimu akashika shati hewani.

"Hapana, kutembea anatembea. Ila akishalala, asubuhi mpaka asukumwe. Anakohoa. Jicho? La kulia linaona vizuri, la kushoto ndo hivyo hivyo. Na anakunywa, yaani anakunywa mpaka basi. Halafu chini anavuja, nimemwekea kopo."

Mwalimu akageuka kutazama godoro. Kuvuja ilikuwa mara moja tu, na hata hiyo mara moja ilikuwa chai iliyommwagikia, ingawa alipoeleza aliona bintiye anaitikia haraka mno. Ila kopo hakuliona. Akainama kuchungulia uvunguni. Hamna kopo. Labda liko njiani.

"Mke wangu hataki, kamzoea, anamwonea huruma. Lakini huruma haikai na friji sita za wateja. We njoo umchukue. Ngoja nipunguze sauti, mzee yuko dirishani hapa, akisikia itakuwa fedheha."

Hapo ndipo ngeli ilipommaliza. Maana "gari imeharibika" Mwalimu kaisikia mara elfu. "Gari anavuja" hajawahi kuisikia hata kwa mtoto wa darasa la kwanza mwenye homa. Anakohoa, anakunywa, anavuja: kiumbe, tena mwenye roho. Sarufi haikumwachia hata upenyo wa kujidanganya.

Kuishi kwa mkwe nako ni kukaa juu ya yai. Ukiegemea linapasuka, ukisimama wanauliza mzee vipi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye miezi minne na jembe hajapewa. Alilijua hilo kila akinyoosha mkono kuchukua nyama ya pili. Hakuwa na kwingine. Nyumba yake ilishapangishwa, na mwanawe wa kiume alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mke mwenye maneno ya kujaza vitatu.

Kuanzia jioni ile Mwalimu hakutulia. Kwanza akaacha kukohoa. Kikohozi kikimjia alikimeza, macho yanamtoka, akatafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Ijumaa aliamka kabla ya kila mtu, akafagia ua, akafagia tena, kisha akasimama katikati ya ua mikono nyuma ili kila atakayetoka amwone amesimama.

"Baba, mbona mapema hivi?" binti akauliza.

"Nimeamka mwenyewe. Sikusukumwa."

"Nani akusukume?"

"Ndiyo nasema, hakuna."

Binti akamletea chai. Akasukuma kikombe. "Nimepunguza kunywa."

"Chai, Baba?"

"Kila kitu."

Kisha mkwe akatoka na futi kamba, akaanza kupima. Akapima toka kwenye gari mpaka ukuta, toka ukuta mpaka dirisha la Mwalimu, akaandika kwenye kiganja. "Hapa zinaingia sita bila shida," alisema peke yake. Mwalimu akafagia mpaka futi kamba ikabidi ipande juu ya ufagio.

"Mkwe wangu, unapima nini?"

Fundi akaruka kama aliyeshikwa shati. "Hewa tu, Baba. Nafasi ya hewa."

Saa nne kila siku Mwalimu huingia kwenye lile gari kusoma gazeti, kiti cha mbele cha abiria, ndicho kiti pekee nyumba nzima kilichoujua mgongo wake. Siku ile aliingia akatoka, akaingia akatoka. Mwishowe akamfuata binti jikoni.

"Jumamosi kuna mtu anasafiri?"

Kisu kikasimama juu ya kitunguu. Binti hakugeuka. Alijua baba yake anavyokipenda kile kiti, na jinsi ya kumwambia hakujua. "Nani kakwambia?"

"Nauliza."

"Tulitaka iende kimyakimya, Baba. Usije ukajisikia vibaya." Akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Vitunguu hivi vikali."

Mwalimu akasema ni vikali kweli, akarudi chumbani kufungasha.

Jumamosi alivaa koti lake la ukaguzi, lile la siku wakaguzi wa shule walipokuja. Mkobani akatia shuka, kamusi na kipande cha tangawizi. Akaenda kukaa kwenye gari, mkoba magotini. Ndilo lililomleta, kama ni kupelekwa, bila shaka litampeleka hilo hilo. Ilikuwa afadhali wamkute kakaa kuliko kumtoa ndani kama kabati.

Mkwe alikuwa ametoka mara moja kufuata mafuta. Getini akaingia mtu mwenye kamba begani na mikono myeusi, mnunuzi wa magari mabovu.

"Shikamoo, mzee. Nimemfuata Babu."

"Marahaba. Niko tayari."

Mnunuzi akautazama mkoba. "Kumbe unasafiri naye?"

"Na nani?"

"Na Babu."

"Babu ni mimi."

Mnunuzi akacheka kidogo, kwa adabu. Mwalimu hakucheka.

"Najua umeambiwa nakohoa," Mwalimu akasema. "Sijakohoa tangu Alhamisi. Asubuhi naamka mwenyewe, muulize yeyote. Jicho la kushoto lilitolewa mtoto, sasa linasoma mpaka kile kibao cha duka la dawa. Nikusomee?"

"Hapana, mzee wangu."

"Na kuvuja ni uzushi. Ilikuwa chai."

Mnunuzi akavua kofia. Katika kazi yake ameona mtu akililia gari, ameona mtu akiubusu usukani. Gari linalojitetea lenyewe alikuwa hajakutana nalo.

"Mzee," akasema polepole, "una namba?"

"Namba ya nini?"

"Ya simu. Ya watoto wako."

Ndipo mkwe akaingia na kopo la mafuta. Mnunuzi akamvuta pembeni, lakini sauti yake ilikuwa ya gereji. "Fundi, mzee anasema Babu ni yeye."

Fundi akamtazama mkwewe. Akaona koti. Akaona mkoba. Kopo likashuka taratibu mpaka chini, kama lenyewe ndilo limeelewa kwanza.

"Baba," akasema, "Alhamisi ulikuwa dirishani."

"Nilikuwa chumbani. Dirisha ndilo lilikuwa hapo."

"Babu ni gari, Baba."

"Gari ni li."

"Najua."

"Ulisema anakohoa. Ukasema anakunywa. Anavuja. Alhamisi nzima a, a, a."

"Ni jina la mtaani, la zamani, kabla hujaja. Tulikuwa tunakuficha kwa heshima." Fundi akajipangusa uso kwa kitambaa cha mafuta, akajipaka weusi. "Ulidhani nakutoa wewe?"

"Nilikuona unapima mpaka dirishani kwangu."

"Napima ukuta. Chumba chako nikipime kwa uso gani? Ukitoka wewe, mwanao anatoka nyuma yako na mtoto mgongoni, mimi nibaki na friji sita nazipikia?"

Binti alikuwa ametoka jikoni mikono inachuruzika maji, na alisikia vya kutosha. Akaja mpaka kwenye gari, akauchukua mkoba kutoka magotini mwa baba yake, akaingia nao ndani. Ukasikika mlango wa kabati, ukafungwa kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baba, shuka basi," mkwe akasema.

Mwalimu hakushuka. Akapapasa kitambaa cha kiti, pale palipozama kwa mgongo wake.

"Na hiki kinakwenda?"

"Kiti ni cha gari, mzee," mnunuzi akasema. "Mimi nimenunua zima."

"Gari ni li. Liende. Kiti ni ki." Akamtazama mnunuzi kwa jicho la kushoto, lile lililosingiziwa. "Kibaki."

"Kwani wewe una abiria?" fundi akamuuliza mnunuzi, tayari kashika spana.

Walikifungua wakakiweka chini ya dirisha. Nafasi ya friji moja ikaliwa. Fundi akapima tena, akafuta sita kiganjani, akaandika tano. Mwalimu akakaa, koti lake mwilini, akaomba chai. Akaletewa, akaomba ya pili.

Babu akamiminiwa mafuta, akakataa kuwaka, akasukumwa. Mnunuzi alishika usukani, fundi na binti wakasukuma mpaka getini. Kizingitini akakohoa mara moja, mara mbili, akawaka kwa moshi mweusi uliojaa ua mzima.

Moshi ukamfikia Mwalimu. Kikohozi cha tangu Alhamisi kikapanda chote kwa pamoja, naye safari hii hakukimeza. Akakohoa mpaka chai ikamwagika kwenye suruali, akakohoa ameinama, ameshika kiti kwa mikono miwili.

Getini fundi alisimama anahema, mgongo kwa nyumba. "Msikie anavyokohoa," akasema.

"Yupi?" mkewe akauliza.