Alcide Hakusema Kitu

Jumatatu New Orleans ni siku ya maharage mekundu. Bi Odile Fontenette alikuwa akiyaponda kwa mgongo wa mwiko Alcide alipoingia kwa mlango wa nyuma. Wa mbele haukuwapo. Polisi waliuvunja Alhamisi. Alcide alikuwa jirani yake na alikufa miaka miwili iliyopita. Alifuta viatu, akaketi.

Polisi walitafuta dawa za kulevya. Walikuta vidonge vya maumivu vya marehemu mumewe, wakamchukua Travon, mwanawe wa pekee. Hati ya upekuzi ilitoka kwa sababu mpelelezi Haskell aliapa kuwa mtoa habari wa kuaminika alinunua dawa kwa Travon.

“Mtoa habari huyo ni mimi,” Alcide alisema, sahani yake hajaigusa. “Zamani nilikuwa nampa Haskell maneno mawili matatu. Siku hizi ananisemea.”

“Na miaka yote hiyo unakula maharage yangu.”

“Maneno yako sikuwahi kuyapeleka, Bi Odile.”

Bi Odile alitamani kumchapa kwa mwiko ule, ila alimhitaji awe shahidi. Siku ya kesi alimvalisha koti la marehemu mumewe, wakaenda mahakamani.

Askari wa mlangoni alimpekua Alcide kama wengine, akampitisha. Haskell alimpa mkono. Ndiye aliyesimamisha magari barabarani siku ya maziko ya Alcide.

Hakimu alimsikiliza Alcide kwa adabu.

“Umewahi kumdanganya mpelelezi?”

“Hapana, mheshimiwa.”

“Na habari za kijana huyu?”

“Sikusema kitu. Nilishakufa.”

“Basi hata hapo hukudanganya,” hakimu alisema, akaamua upekuzi ulikuwa halali.

Travon alilitazama koti la baba yake mpaka walipomtoa.

Jumatatu iliyofuata Alcide hakuingia. Alisimama nje, akasema amesikia kwamba yeye mwenyewe ameitaja kwa Haskell nyumba ya akina Guillory, ng'ambo ya barabara.

Bi Odile alizima jiko, akavuka kuwaambia. Mzee Guillory hakuuliza habari imetoka wapi. Mkewe alienda chooni kumwaga vidonge vyake vya presha, vyote. Mzee akaleta bisibisi, akaanza kuzifungua bawaba za mlango wa mbele, ili polisi watakapokuja wasiuvunje.

“Shika huku chini, Bi Odile,” alisema. “Mzito huu.”