Foleni Iliyomsukuma Iresha

Mke wangu Kusumalatha alikufa mwezi wa nne, siku tatu baada ya mwaka mpya wetu, ambao huku huangukia mwezi huo. Dawa yake ya presha haikuwepo hospitali. Nilizunguka maduka saba na kikaratasi cha daktari mkononi, na kote jibu likawa lile lile: dola hakuna, mzee, dawa hazijaingia. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hili nalijua bila kufundishwa: mke wangu hakuwahi kuishika dola maisha yake yote, na bado dola ndiyo iliyomwua. Waliozila wako kwao, wamenenepa.

Kabla ya kukata roho alinishika kidole, akasema, "Baba Iresha, usikubali mtoto ajifungulie barabarani."

Binti yetu Iresha alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza iliharibika. Mumewe yuko Doha, anaosha magari ya watu. Kwa hiyo aliyebaki ni mimi na bajaji yangu, na bajaji bila petroli ni kibanda cha kuku.

Mwezi wa tano nililala foleni siku nne, nikapata mafuta kidogo. Lita moja niliitoa nikaiweka akiba ya siku ya Iresha. Sikumpa mtu, hata jirani aliyetaka kwenda kuzika. Niliitia kwenye chupa ya mafuta ya nazi, nikaipanga kwenye rafu ya Buddha, kulia, na chupa ya mafuta ya nazi ya kweli, ya taa, kushoto. Mwizi gani ataiba pale? Na akiiba, atadhani ni ya kukaangia.

"Baba, utatuchoma," Iresha alisema. "Na hiyo pua yako."

Pua yangu ilikufa mwaka wa korona. Hata samaki akioza mezani, mimi nitakula.

"Ya kulia petroli, ya kushoto taa," nikamwambia. "Kuna ugumu gani?"

Taa niliiwasha mimi, siku za mwezi mpevu tu, maana hata nazi ilikuwa imepanda bei kama vile nayo inatoka ng'ambo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, Iresha aliita kutoka jikoni. Maji ya uzazi yalikuwa yametoka. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa. Kijana wa upande wa pili akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, gari lipo, mafuta ndiyo hatuna." Nilimtukana, kisha nikamtukana anayemlipa mshahara, kisha nikakimbilia kwenye rafu. Nilishika chupa ya kulia, nikamimina yote kwenye tangi, nikamweka binti yangu kiti cha nyuma na kanga mbili, tukatoka.

Bajaji ilikwenda vizuri mpaka tulipofika barabara kubwa, pale foleni ya petroli ilipoishia. Kutoka hapo hadi sheli ni kilomita tatu za magari, pikipiki na bajaji, na sheli yenyewe inatazamana na geti la hospitali. Injini ikakohoa. Ikatoa moshi mweupe. Ikazima.

Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa amekaa juu ya ndoo akisikiliza simu. Akanusa hewa. "Mzee, bajaji yako inakaanga nini? Naona njaa."

"Usinichezee, nina mgonjwa!"

"Sikuchezei. Inanukia maandazi." Akasogea, akafungua kifuniko cha tangi, akainama. "Wewe! Haya ni mafuta ya nazi!"

Kumbe tulikuwa tumefika pale kwa vitone vya petroli vilivyosalia tangini. Nikamgeukia Iresha. Alikuwa ameuma kona ya kanga. "Baba," akasema kwa shida, "niliifuta ile rafu baada ya mwezi mpevu. Sijui nilizirudisha vipi."

Ningemlaumu nani? Nilitaka sana kuilaumu serikali, na nililaumu, lakini hata mimi nilisikia kwamba safari hii sauti yangu haina nguvu.

"Tusukume," nikasema. "Ndugu yangu, nisaidie."

Yule mtu alinyanyuka, akaangalia gari lake, akaangalia mbele. Jina lake Selvarasa, dereva wa lori dogo la mboga. Sheria ya foleni kila mtu anaijua: ukitoka kwenye nafasi yako umeipoteza, hata kama umelala hapo siku tano. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye kioo.

"Naweza kufika mpaka kwenye ile pikipiki nyekundu," akasema. "Pale bado naliona lori langu."

Tukasukuma. Tulipofika kwenye pikipiki nyekundu akapaza sauti, "Nyie! Mama anajifungua! Pokeeni!"

Vijana wawili wakapokea. Walikwenda magari kumi, huku mmoja akitazama nyuma kila hatua, wakamkabidhi mwalimu mmoja na mkewe. Mwalimu akamkabidhi Fawzan muuza nguo, na Fawzan akapiga mluzi ambao ulitangulia mbele yetu. Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kuomba. Watu walikuwa wameshasimama wakitusubiri, kanzu zimekunjwa, sarong zimefungwa juu ya magoti.

"Mzee anaruka foleni kwa tumbo la binti!" mmoja akapiga kelele.

"Kazi hiyo ningeijua mapema ningemleta mke wangu!"

"Mkeo ana miaka sitini, Bandara. Sukuma!"

Iresha alikuwa akilia na kucheka pamoja. Kwenye kimlima cha shule walikuja wanane kwa mara moja, mwanajeshi wa kulinda foleni akiwa mmoja wao, bunduki mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika usukani tu, nikitembea pembeni, nikisema "asanteni, asanteni" kama kasuku. Nilikuwa sijasema neno hilo tangu mwezi wa nne.

Getini wauguzi walimpokea kwa machela, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Kila mtu pale alikuwa ameinamia simu. Waandamanaji walikuwa wameingia ikulu Colombo, wanaogelea kwenye bwawa la mkubwa wa nchi, wanalala kitandani kwake. Mwenyewe hajulikani alipo. Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Siku ile niliutazama mlango.

Saa sita na nusu muuguzi akatoka. "Nani baba yake Iresha? Mzee, una mjukuu wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, ana sauti ya mnadi."

Nikasema kimoyomoyo, Kusumalatha, si barabarani. Karibu sana na barabara, lakini si barabarani.

Halafu nikakumbuka wale watu. Hakuna aliyeweza kuacha nafasi yake kuja kuuliza. Nikatoka, nikaanza kurudi kwa miguu, gari kwa gari.

"Wa kike! Wote wazima!"

"Wa kike!" wakarushiana. Habari ilinipita mbio, lakini sikuacha. Kila aliyeweka mkono kwenye bajaji yangu nilitaka asikie kwangu. Bandara alinipa biskuti mbili. Mwalimu alinishika mkono muda mrefu. Ilinichukua saa nzima na zaidi kufika kwa Selvarasa. Lori lake lilikuwa limesogea hatua nne.

"Sasa niambie," akasema, "petroli yenyewe iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye rafu. Kwenye chupa ya taa."

Akanitazama. "Na taa unaiwasha lini?"

"Jumatano. Mwezi mpevu."

"Nani anaiwasha?"

Ningeitia petroli na kuiwasha mimi, na hii pua yangu, chumbani na Iresha na mtoto. Selvarasa alifunga macho, akapumua, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni ile walitangaza kwamba mkubwa atajiuzulu. Mtaani walipika wali wa maziwa barabarani, wakapiga fataki. Nilikula sahani mbili. Bado nawadai wakubwa dawa ya mke wangu, na nitawadai hadi nife.

Jumatatu fundi aliosha tangi, nikamimina ile lita. Fundi aliinusa kwanza, nilimlazimisha. Nikamrudisha Iresha nyumbani na mtoto kifuani, polepole, kando ya foleni ile ile, honi ikilia njia nzima, na watu wakinyanyuka kwenye ndoo zao kumwona waliyemsukuma.