Hujasema Moja

Mchezo wenyewe hauhitaji shahada. Kila mtu anagawiwa karata saba, moja inafunuliwa katikati ya meza, na wewe unatupa juu yake yenye rangi ile au namba ile. Huna? Unaokota. Wa kwanza kubaki mikono mitupu ndiye mshindi. Ni mchezo wa watoto kabisa, ila mimi sijaona watu wazima wakinuniana kwa jambo kubwa kama nilivyoona wakinuniana kwa huu.

Sheria inayoleta ugomvi ni moja tu. Ukibakiwa na karata ya mwisho, lazima useme "Moja!" kwa sauti kabla anayefuata hajatupa yake. Ukisahau na mtu akakukamata, unaokota mbili, na ushindi uliokwisha kuuonja unaondoka hivihivi. Katika nyumba hii sheria ilikuwa imeongezwa kipengele: unaposema, uinue na kidole, ili Bibi naye ajue. Homa kali ilikuwa imemziba Bibi masikio miezi mitano iliyopita. Kipengele kilitungwa na mtoto wa nyumba, msichana wa miaka kumi, ambaye kwa kupenda kanuni watu waliacha zamani kumwita jina lake wakamwita Hakimu.

Mama yake Hakimu alikuwa msusi, na alikuwa mtu wa maneno. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Ukimsuka mtu saa nne bila mazungumzo, wote wawili mtasinzia. Mumewe alikuwa fundi wa saa, na huyo alikuwa na neno moja, nalo hata si neno: "Mm." Chakula kimeiva? Mm. Mtoto kafaulu? Mm. Paa linavuja? Mm, na kesho yake utamkuta juu ya ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Hajawahi kumpandishia mkewe sauti, seuze mkono. Lakini miaka kumi na mbili ya Mm si mchezo. Msusi alikuwa akirudi kutoka saluni na hadithi zake kifuani, anazitoa mezani, zinapokewa na Mm, na anakwenda kulala nazo.

Ndipo mama mkwe akahamia kwao, masikio yameziba. Wenzake Msusi pale saluni walimpongeza waziwazi.

"Mama mkwe asiyesikia!" walimwambia. "Dada, wengine tunaomba hiyo usiku na mchana."

Kila Jumatatu saluni ilifungwa, na Msusi alikuwa akimkalisha Bibi kwenye kigoda jikoni na kumsuka. Mikono ikishika nywele mdomo nao unafunguka, mazoea yana tabu. Mwanzo alizungumza mambo ya kupita: miguu inavyomvimba kwa kusimama, mteja aliyekuja na picha ya nywele ambazo hata malaika hazimkai. Halafu akaanza kutania. "Pua hii, Mama, ungempunguzia mwanao kidogo." Bibi alikuwa akitazama mbele tu. Wiki kwa wiki donge la kifuani likazidi kulainika, mpaka Msusi akawa anamwambia yule mzee mambo ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia. Alimwambia ya usiku. Alimwambia ya machozi. Na Jumatatu moja, wiki tatu nyuma, akigawa nywele kwa ncha ya kitana, alimwambia kubwa kuliko yote.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi naondoka, Mama. Nimepata saluni mji mwingine, kiti changu mwenyewe, karibu na dirisha. Shule zikifunga nitarudi kumchukua mtoto. Mwanao sijamwambia. Nitamwambia nini, anijibu Mm?"

Jumatatu iliyofuata alifanyia mazoezi palepale maneno ya kuagana, mara tatu, kwa sauti tofauti, huku Bibi akinyonya peremende yake.

Sasa ilikuwa Jumapili, alasiri, na Ijumaa yenyewe ilikuwa ndiyo hii inayokuja. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Wanne hao walikuwa wameizunguka meza ya sebuleni, na Bibi alikuwa anashindwa vibaya. Alikuwa na karata tisa mkononi, amezishika kwa viganja viwili, na ukitaka kumjua Bibi vizuri basi umwone anaposhindwa. Mwanamke huyu alizika mume bila kulia mbele za watu, lakini akiokota karata nne mfululizo midomo inamcheza.

Hakimu alitupa kijani, akanyanyuka kwenda jikoni kunywa maji. Zamu ikawa ya mama yake. Msusi alikuwa na karata mbili. Akatupa nne ya kijani, akainua kidole, na ile iliyobaki akaiegemeza midomoni, akili yake iko kituo cha mabasi. Fundi alikuwa anapanga karata zake kwa rangi, kama kawaida, taratibu. Bibi alikuwa ameinamia zake tisa.

"Hujasema moja!" alifoka Bibi. "Kidole si mdomo. Okota mbili!"

"Nani hajasema?" Hakimu aliuliza kutoka jikoni.

"Mama yako!" Bibi alijibu, bila hata kugeuza shingo.

"Basi aokote!"

Kisha kikombe kikaanguka jikoni.

Fundi aliweka karata zake mezani zikiwa zimefunuka zote, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Bibi aliinua macho, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye mdomo, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kutoka zizini.

Hakimu alitokea mlangoni, gauni limelowa maji.

"Bibi," alisema polepole. "Umenisikia?"

Bibi alizirudia karata zake tisa.

"Bibi! Nilikuwa jikoni! Umenijibu!"

"Nimekujibu," Bibi alikiri.

Mtoto alipiga ukelele wa furaha, akamrukia, akamkumbatia shingo nusura amwangushe. Halafu, akiwa bado ananing'inia palepale, furaha ikageuka. "Tangu lini?"

"Dawa zilianza kufanya kazi mwezi wa pili tangu niugue."

"Mwezi wa pili! Na mimi nimekuandikia ubaoni miezi yote hiyo mpaka vidole vinaniuma! Nimekuandikia hadithi nzima ya yule mbwa wa jirani!"

"Na uliiandika vizuri. Ila 'akabweka' ulikosea."

Hakimu hakungoja zaidi. Habari ya namna ile haikai tumboni mwa mtoto. Aliparamia viatu vyake na kutoka mbio kwenda kumwambia jirani, na mlango ukabamiza nyuma yake.

Msusi alikuwa hajasogea. Kidole chake kilikuwa bado juu, amekisahau. Miezi mitatu! Alianza kuhesabu alichokisema ndani ya miezi mitatu, akaona hakihesabiki. Pua. Mungu wangu, ile ya pua. Ile ya kwamba mtori wa ndizi wa Bibi unafaa kubandikia matangazo. Ile ya usiku, jamani, ile ya usiku, alimweleza mama wa mtu mwenyewe! Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, ikamfika kooni, na hapo ikakutana na hofu. Kwa sababu baada ya pua na mtori na yote yale kulikuwa na Ijumaa, na mwenye kuijua Ijumaa alikuwa ameketi hapo, ana masikio mawili mazima, na mwanawe yuko pembeni yake.

Alimtazama Bibi. Macho yake yalikuwa yanasihi waziwazi: tafadhali Mama, si sasa, si wewe.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Usinitazame hivyo. Mimi si wa kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Kwa nini, Mama?" Msusi aliuliza. "Kwa nini hukusema?"

"Siku masikio yalipofunguka ulikuwa unanisuka. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ulikuwa katikati ya habari, ile ya mteja aliyesinzia akaamka amesukwa mtindo wa mwenzake. Nikasema ngoja amalize. Ulipomaliza ukaanza nyingine." Bibi alishusha pumzi. "Mimi nina miaka sabini na moja. Watu wananiamkia, wananiuliza nimelalaje, basi. Hakuna aliyewahi kukaa akaniambia mambo yake. Nikajua siku nitakayosema nasikia, utanyamaza. Ndiyo uchoyo wangu huo. Nisamehe."

Msusi alitaka kukasirika, hasira haikuja. Akakishusha kile kidole, akakishika kwa mkono mwingine. Sasa alijua hana pa kujificha. Neno limetoka mdomoni mwake, liko ndani ya nyumba, na ni heri alitoe yeye kuliko kusubiri litoke lenyewe.

Akamgeukia mumewe. "Baba Hakimu. Kuna jambo nilimwambia Mama nikidhani hasikii."

Fundi alikuwa anaitazama meza. Alikuwa amezigeuza karata zake tena, zimelala kifudifudi, na anazinyoosha pembe kwa kucha.

"Ijumaa," alisema Fundi.

Msusi alidhani amesikia vibaya.

"Basi la saa kumi na mbili asubuhi," Fundi aliendelea, bado hajainua uso. "Kiti karibu na dirisha."

Kama ile ya Bibi ilikuwa kofi, hii ilikuwa nyundo. Msusi alimgeukia Bibi, lakini Bibi mwenyewe alikuwa amebaki mdomo wazi, anatikisa kichwa: si mimi, wallahi si mimi.

"Nani amekwambia?"

"Wewe." Alielekeza kwa kidevu upande wa chumba chake cha kazi, kule kwenye meza ya saa, ambako mtu akikaa jiko liko mgongoni pake. "Kile kiambaza ni mbao nyembamba. Nasikia hata maji yakichemka."

Msusi aligeuka kukitazama kile kiambaza. Siku zote alijua mumewe akizama ndani ya saa hata nyumba ikiungua haoni. Aliijenga siri yake yote juu ya ujuzi huo.

"Siku ishirini," alisema hatimaye. "Siku ishirini umejua kwamba mkeo anaondoka. Umekula, umelala, umeamka, umeniuliza kama nimeiona bisibisi yako ndogo. Na hukusema kitu?"

"Mm," alisema Fundi.

Lo! Hakukusudia, maskini. Lilimtoka kama chafya. Lakini Bibi alizibamiza karata zake tisa mezani, nyingine zikaruka hadi sakafuni.

"Hiyo!" alisema. "Hiyo hiyo! Baba yako alinipa hiyo miaka thelathini na minane, na alipokufa nilikaa kitako nikatafuta neno lake moja la kumkumbukia, sikulipata. Homa iliponiziba masikio, wallahi, kwako wewe sikukosa kitu. Sasa sikiliza. Kama huyu anaondoka Ijumaa, naondoka naye. Nitafagia nywele hiyo saluni. Wewe utabaki hapa na saa zako, angalau zenyewe zinasema."

Fundi aliinuka. Alikuwa mweupe midomo. Alimtazama mama yake, kisha mkewe, kama mtu aliyeamshwa na maji ya baridi, na mikono yake ile isiyotetemeka hata akishika gurudumu dogo kuliko chembe ya mchele ilikuwa inatafuta mahali pa kushika.

"Usiende," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza Msusi.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na kwa sababu katika miaka kumi na mbili hakuwahi kupata nafasi ya kumuuliza swali ambalo Mm haliwezi kulijibu.

Fundi alikaa tena. Alisafisha koo mara mbili. "Jumatatu," alisema. Wanawake wale wawili wakangoja. "Jumatatu mchana nazima redio. Nazima kabla hujaanza kumsuka, nisikie vizuri. Kazi yenyewe sifanyi siku hiyo. Nakaa tu. Ile ya mteja aliyesinzia, nilicheka, nikauma kitambaa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikajua nikisema nasikia, utahama jikoni. Ulipofika ile ya Ijumaa nilitaka kuja. Nilifika mlangoni. Sikujua neno la kwanza ni lipi. Nikarudi nikakaa. Kila siku nilisema kesho."

Akaishia hapo, amechoka kama mtu aliyebeba gunia. Kwa hesabu ya Bibi, aliyoitangaza baadaye kwa kila aliyetaka kuisikia, mwanawe alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu azaliwe.

Msusi alikuwa analia, na alikuwa hajui kama analia kwa uchungu au kwa hasira ya kujua kwamba muda wote huo alikuwa anasikilizwa na nyumba nzima, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Alijifuta kwa ukingo wa khanga.

"Basi lipo palepale," alisema. "Sijabadilisha kitu, na sikudanganyi. Lakini leo ni Jumapili. Una leo, una Jumatatu, una Jumanne, Jumatano na Alhamisi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, na ukaona koo lake likifanya kazi ya kuizuia ile sauti isitoke. Akavuta kiti chake, akakisogeza hadi kikagusana na cha mkewe.

"Siku ya kwanza nilipokuona," alianza, "ulikuwa umeleta saa ambayo haikuwa mbovu."