Makopo Yaliyopangwa kwa Kimo

Mama mkwe wa mfamasia hakuwa mtu wa kukaa bure. Mkwewe alipokwenda kwenye semina ya usalama na ubora wa dawa, alimwachia funguo za duka apanguse vumbi tu, maana mkaguzi alitarajiwa wakati wowote. Mama akapangusa. Nguvu zilipombakia, akayashusha makopo yote ya nyuma ya kaunta, akayafuta kwa kitambaa cha sabuni, kisha akayarudisha kwa kimo, marefu kushoto na mafupi kulia, kama watoto wa shule kwenye gwaride.

Mfamasia alirudi na cheti cha semina mkononi. Asubuhi alifungua duka, akaona rafu zinang'aa, akafurahi. Hakuona zaidi ya hapo.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi wa kuezeka mabati, aliyeitwa Twiga kwa sababu alikuwa mfupi.

"Dada daktari, nipe zile zangu za presha."

"Unazinywa kila siku?"

"Kila siku ninayokumbuka."

Mfamasia alikuwa ameitoa dawa ile kwa miaka mingi hata mkono wake ukaijua njia. Mkono ulikwenda wenyewe rafuni, ukashika kopo, ukafungua, ukahesabu vidonge vyeupe na kuvitia kwenye bahasha. Macho hayakuwa na kazi, kwa hiyo yalibaki kwa Twiga, ambaye alikuwa akionywa kuhusu chumvi. Twiga akaitikia, akatia bahasha mfukoni, akasema anakwenda kumalizia paa la ghala mtaa wa nyuma.

Haukupita muda mrefu, mkaguzi akaingia. Alikuwa mtu mkavu, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kuona panya wa kila rangi. Kibali cha duka kilikuwa karibu kwisha, na kukipata tena kulitegemea neno lake. Akakagua jokofu, akakagua tarehe za kuharibika kwa dawa, akanusa stoo. Alipofika kwenye rafu akasimama.

"Safi sana. Nani kapanga?"

"Mimi," alisema mama mkwe kutoka kwenye benchi, akijitengeneza mtandio. "Yalikuwa hayana adabu, marefu na mafupi yamechanganyikana. Nimeyapanga kwa kimo."

Mfamasia akaanza kucheka. Kicheko kikakatika. Akageuka, akalitazama kopo lililokaa mahali pa dawa ya presha, na kwa mara ya kwanza siku ile akasoma maandishi yake. Vilikuwa vidonge vya kushusha sukari.

Mtu asiye na kisukari akivinywa vile, sukari yake huporomoka. Hutokwa jasho, hutetemeka, huona kizunguzungu, kisha huanguka. Kuanguka sakafuni kuna nafuu yake. Twiga alikuwa juu ya paa.

Akampigia simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mkaguzi alikuwa ameinama anaandika, na alichokuwa anaandika kilionekana kuwa kizuri. Mfamasia angeweza kusema anatoka mara moja kutafuta chenji. Neno hilo lilimfika mpaka ulimini, akalimeza.

"Bwana mkaguzi, nimempa mtu dawa isiyo yake. Hivi sasa yuko juu ya paa."

Mkaguzi akafunika kalamu.

"Funga duka," alisema. "Twende."

Wakatoka mbio, mfamasia mbele, mkaguzi na mkoba wake katikati, na mama mkwe nyuma akiwa amekwapua chupa ya soda aliyojiwekea kwa ajili ya mchana. Twiga walimkuta amekaa kileleni, nyundo mkononi.

"Twiga! Umeshakunywa dawa?"

"Nimekunywa! Tena viwili, jana nilisahau!"

"Shuka! Nimekosea, siyo yako hiyo!"

"Nimebakiza bati moja tu, dada!"

"Twiga, shuka nakwambia!"

"Mbona sijambo? Najisikia jasho tu, na hili jua!"

Mama mkwe akamsogeza mfamasia kando kwa kiwiko.

"Wewe mtoto! Unataka mama yako aje akuokote hapa chini kama maembe? Weka hiyo nyundo, geuka, shika ngazi kwa mikono miwili!"

Twiga, mwenye wajukuu, akaweka nyundo, akageuka. Alishuka polepole, na kila kipago ngazi ilitetemeka pamoja na magoti yake. Alipofika chini alikuwa amelowa chapachapa. Mkaguzi akamdaka kwapani. Mfamasia akamnywesha soda yote, wakampakia kwenye teksi kwenda zahanati.

Muuguzi akampima, akamtundikia dripu, akasema atalala hapo mpaka kesho, maana dawa ile haitoki mwilini upesi. Ila atapona. Mfamasia akakaa kitini.

"Duka nalifunga," mkaguzi akamwambia, "mpaka kamati ikuite."

"Mwanangu, kosa langu hilo!" mama mkwe akadakia. "Niandike mimi!"

"Mama, wewe hata ungepanga viatu kwenye ile rafu, anayetakiwa kusoma ni yeye."

"Ni kweli," alisema mfamasia.

Twiga akageuza shingo kitandani.

"Sawa, mmefunga. Na presha yangu je? Dawa naipata wapi?"

Mkaguzi akamtazama mfamasia.

"Nenda kwa yule wa karibu na posta," alisema mfamasia.

"Yule mwenye maringo?"

"Huyo huyo."

"Si ulisema mwenyewe yule hajui hata kuongea na watu? Kila saa kainamisha kichwa kwenye kopo!"

"Nilisema," alijibu mfamasia. "Nenda kwake."